Msumari wa Masjala

Hospitalini kwetu walimwita Bwana Picha, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake lipo kwenye faili, na faili lile nililipanga kwa mkono wangu mwenyewe, lakini sitalitoa humo. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo waulizwe watu wa Ushirombo. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, mwenye koti jeupe lililojaa madoa ya kahawia ya dawa za kuoshea picha. Tulikaa jengo moja karibu miaka ishirini, ukuta kwa ukuta: yeye chumba cha eksirei, mimi masjala, nikitunza mafaili ya wagonjwa na ya watumishi.

Hospitali yenyewe ilikuwa nje kidogo ya mji wa Shinyanga, upande wa kwenda Tinde. Mashine yetu haikuwa mpya hata siku ilipofika, lakini watu waliifuata kutoka mbali. Walikuja wakulima wa pamba wenye kifua cha miezi, watoto walioanguka kwenye mikokoteni, na wachimbaji dhahabu wa upande wa Geita ambao kwa sababu zao hawakutaka kuonekana Mwanza. Wote walipita mikononi mwa mtu mmoja. Naomba msomaji ayachukue hayo maneno, mikononi mwake, kama yalivyo.

Jambo la kwanza mgeni aliloliona kwake ni salamu. Unampa mkono, yeye anakupa kifundo. Sote tunajua mtu akiwa anakula, au katoka kushika udongo, hukunja vidole akakunyoshea kifundo cha mkono ukishike, ili asikuchafue. Bwana Picha alisalimia hivyo asubuhi na jioni, kazini na sokoni, mikono yake ikiwa mikavu kabisa. Mwanzoni nilimchukia kwa hilo. Mimi ni mtoto wa mjini, nimelelewa Ngokolo na bibi mwenye asili ya pwani, na kwetu anayekunyima kiganja amekuona si mtu. Nikasema moyoni, huyu anaringa kwa sababu anajua kusoma mifupa.

Na kweli mifupa aliijua kuliko sura. Angeweza kumpita mganga mkuu njiani asimtambue, halafu akasimama katikati ya soko kumwuliza muuza dagaa, mayu, yaani mama kwa Kisukuma, goti la kushoto linasemaje. Yule mama akacheka mpaka akamwongezea kipimo. Siku moja kwenye kikao cha watumishi alisahau jina la katibu wa hospitali, mtu mkubwa na mwenye kujipenda, akamwita mbele ya wote yule ndugu mwenye ubavu wa ziada. Katibu hakumsamehe. Baadaye nilimwambia Bwana Picha kwamba amejitafutia adui, akanishangaa kabisa. Ubavu ule, alisema, ulikuwa mzuri sana, hajawahi kuona mwingine uliokaa vile.

Alikuwa na msemo mmoja, na aliuchosha kwa kuutumia: picha haidanganyi. Daktari akisema mguu haujavunjika na picha ikasema umevunjika, msemo huo. Mgonjwa akidai amepona ili arudi machimboni, msemo huo huo. Wauguzi walikuwa wanauigiza kwa sauti yake, huku wamekunja vidole na kutoa kifundo.

Lakini hakuwa anatania. Siku moja polisi walileta mchimbaji aliyekamatwa stendi akitokea upande wa Geita, wakisema amemeza dhahabu. Alikuwa mwembamba, mweusi wa jua, viatu vya matairi. Wakati anapandishwa kitandani alimnong'oneza Bwana Picha kwa Kisukuma, na nesi aliyekuwepo aliniambia baadaye kwamba alimwomba kwa jina la watoto wake asione kitu. Filamu ikaoshwa, ikatundikwa mbele ya taa. Bwana Picha akasema kipo, chini ya tumbo upande wa kulia, ukubwa wa punje ya hindi. Yule mtu alifungwa. Hospitali nzima ilimnunia Bwana Picha, na mimi nilikuwa wa kwanza, maana dhahabu ile haikuwa ya mama yake wala ya polisi. Nilimwuliza kunyamaza kungempunguzia nini. Akanijibu polepole kwamba akisema leo hakuna wakati kipo, kesho akisema kipo kwenye tumbo la mtoto aliyemeza sindano, nani atakubali kumpasua mtoto huyo kwa neno lake. Kwa muda wote mfungwa yule alipokuwa gerezani, kila Bwana Picha alipopata siku ya mapumziko alimpelekea sabuni na karanga. Hilo hakulisema. Nililijua kwa sababu shemeji yangu alikuwa askari magereza.

Basi mtu huyo huyo, wa picha haidanganyi, aliifanya filamu idanganye kwa miaka kumi na moja. Na mimi nilimsaidia.

Wanaofanya kazi ya eksirei hupewa kijibeji cha kubandika kifuani, kikubwa kidogo kuliko beji ya chama, na ndani yake mna kipande cha filamu. Mionzi haionekani, haina harufu, wala haikuambii kwamba imekupiga. Ile filamu ndiyo inayohesabu kwa niaba yako. Kila baada ya muda beji inatumwa kwa posta Dar es Salaam, inasomwa, na barua inarudi kusema mtumishi huyu amepata kiasi gani na kama apumzishwe. Kufungasha na kutuma ilikuwa kazi yangu. Hivyo ndivyo nilivyoingia.

Miaka ya mwanzo aliivaa. Kisha barua ikarudi kusema amezidisha, akae mbali na mashine miezi mitatu. Wakamweka bohari akahesabu mashuka, na chumba cha eksirei kikafungwa, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeijua mashine ile. Katikati ya miezi hiyo aliletwa msichana kutoka vijiji vya Tinde, amegongwa na ng'ombe kifuani. Daktari hakuweza kuona ndani kuna nini, wakaamua apelekwe Mwanza. Gari la hospitali lilikuwa bovu, wakasubiri lori la pamba. Msichana alifia njiani. Bwana Picha alikuwa amesimama mlango wa bohari na mashuka mkononi walipomrudisha. Daktari alimwambia kwamba pengine hata picha isingemsaidia. Yeye alisema kwamba hilo sasa hatulijui.

Siku aliporudi chumbani kwake aliingia kwanza masjala. Nyuma ya mlango wangu palikuwa na msumari wa kutundikia kalenda. Akafungua beji kifuani, akaitundika pale, juu ya kalenda, kama mtu anayetundika kofia. Akaniambia, "Mama Zuhura, hii ikae kwako. Huku hakuna mionzi." Nilidhani anatania. Kesho yake aliniamkia, akaitazama, akaenda kazini bila kuichukua. Mwezi ulipokwisha niliifungasha na kuituma, na jibu likaja kwamba mtumishi yuko salama salimini. Beji ilifanya kazi masjala pamoja nami, ikasikia umbea wangu wote, na mwenye beji akaendelea kupigwa na mionzi ukuta wa pili.

Nilipaswa kusema. Naliandika hilo wazi kwa sababu nimechoka kulizungukia.

Na kupigwa alipigwa kweli. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliijaribu mashine kwa mkono wake mwenyewe. Aliyemfundisha kazi alifanya hivyo, na aliyemfundisha huyo naye alifanya hivyo. Anazima taa, anawasha kwa mkono wa kushoto kwa sababu kiwashio kilikuwa upande huo, na wa kulia anauweka mbele ya kile kioo kinachong'aa, mpaka mifupa ya vidole itokee kwa rangi ya kijani. Ikionekana vizuri, mashine imeamka. Ikiwa na ukungu, anaongeza, anapunguza, mkono uko pale pale. Alinionyesha mara moja, na nakiri ilikuwa ajabu kuona mtu akichezesha mifupa yake mwenyewe. Nilimwuliza kama haiumi. Akasema ingekuwa inauma angeshaacha zamani.

Halafu watoto. Mtoto hatulii kwenye mashine, lazima ashikwe, na mama zao wengi huku walikuwa wajawazito au hawajui kama ni wajawazito. Aproni nzito ya kuzuia mionzi ilikuwa moja tu. Bwana Picha alimvisha mama, akamweka nyuma ya ukuta, akamshika mtoto mwenyewe kwa mikono mitupu, nesi akibonyeza. Ndivyo alivyofanya kwa Zuhura wangu, alipoanguka kwenye mpera wa jirani akiwa na miaka minne na mkono ukapinda kama mwiko uliovunjika. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Alinivisha ile aproni, nikayumba kwa uzito, akaniambia nikae nyuma na nisichungulie. Nilimsikia akimsimulia mtoto habari za fisi aliyefunga ndoa bila ng'ombe wa mahari, na Zuhura, aliyekuwa analia toka Ngokolo, akauliza fisi alifanyaje. Mkono ulinyooka. Salumu, niliyekuwa naye tumboni, alizaliwa mzima na sasa ananizidi kimo.

Picha ile niliitoa masjala kinyume cha kanuni, nikaiweka nyumbani chini ya godoro. Pembeni yake, karibu na mfupa mdogo wa mwanangu, vinaonekana vidole viwili vya mtu mzima. Baada ya hapo nilianza kuangalia filamu za watoto wengine nilipokuwa nazipanga. Vidole vile vilikuwa kwenye nyingi. Shingo ya mtoto huyu, nyonga ya yule, na pembeni vidole viwili, mara vitatu, vimetulia.

Sasa niusemeje upweke wake? Alikuwa ameoa. Miaka ikapita bila mtoto, na mjini wakasema mashine imemkausha. Huenda kweli, huenda si kweli, hakuna aliyempima. Mke alirudi kwao kwa mapatano, bila ugomvi, na Bwana Picha akabaki katika chumba chake cha kupanga Ngokolo, nyumba ya sita kutoka kwetu, na redio, na jiko la mkaa. Alipika vizuri. Nilikuwa nasikia harufu ya maharage yake nikajua leo ameweka nazi, na nazi Shinyanga si kitu cha kuokota. Nilimkaribisha futari mara mbili, akaja mara moja, akala kwa kijiko huku sote tunakula kwa mkono kwenye sinia. Mume wangu alikasirika. Alisema hata dini nyingine zinanawa.

Kwenye bao alikuwa hashikiki. Pale kibarazani kwa kinyozi, Jumapili baada ya misa, watu walipanga zamu ya kufungwa naye, na alikuwa na tabia mbaya ya kuhesabu kete zako kwa sauti kabla hujacheza. Kisha akaacha. Alipita, akasimama pembeni, akaangalia mchezo mzima, na walipomwita akatikisa kichwa. Walisema amejiona mkubwa. Mwenzangu mmoja wa jikoni hospitalini, ambaye ni Mkatoliki, aliniambia kwamba kanisani wakati wa kutakiana amani Bwana Picha huinamisha kichwa tu, na watu wakaanza kuliacha wazi benchi la mwisho anapokaa. Mimi niliyeijua beji sikuwa bado nimeiunganisha na kijiko wala kete. Nilikuwa na macho lakini nilikuwa naangalia mafaili.

Kucha zilimfichua. Siku moja alikuja kuchukua faili, nikaona kucha za mkono wa kulia zimepasuka kwa urefu, nyeusi, na ngozi ya vidole imekuwa kavu na ngumu yenye vijinundu. Alipoona naangalia, akauficha mfukoni. Alisema ni dawa za kuoshea picha, zinababua. Tukaamini wote, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini. Akavaa glavu. Akafunga bandeji. Kidonda cha kidole cha shahada kikapona, kikarudi, kikapona, kikarudi. Sasa najua kwamba alitoa kifundo tangu vidole vilipoanza kumkera, wakati hata havijaonyesha kitu, na kwamba kete za bao zilikuwa zinamtoka mkononi.

Katikati ya hayo ndipo alipokuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam kukagua. Kijana wa miwani, mpole, mwenye mkoba. Aliomba kitabu cha beji, akakisoma masjala, mezani kwangu, mgongo wake ukiwa umeuelekea mlango ambako beji ilikuwa inaning'inia. Laiti angegeuka. Akasema jambo moja linamsumbua: beji ya fundi huyu ni safi mno, hata yeye anayekaa ofisini angepata zaidi. Akaniuliza kama fundi anaivaa.

Bwana Picha alikuwa amesimama kwenye ushoroba, namwona kwa pembe ya jicho. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Nikamwona msichana wa Tinde kwenye lori la pamba. Nikamwona Zuhura na fisi wake. Nikasema, "Anaivaa kila siku." Yule bwana akaandika, akanipa kalamu nitie sahihi, nikatia.

Kesho yake nilikuta mezani chupa ya asali ya kwao Ushirombo, imefungwa kwa gunzi. Tulikuwa kwenye miaka ile ya foleni na sukari haipatikani, tukaitia kwenye chai mwezi mzima, mimi na wanangu. Ilikuwa asali nzuri sana. Nimeikumbuka ladha yake mara nyingi nisizotaka.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Kidole cha shahada kilikatwa Mwanza, kisha viwili vingine, na daktari wa kule ndiye aliyelitaja neno saratani na kumwuliza anafanya kazi gani. Hospitali ikaandika Wizarani aandikishwe kama mtumishi aliyeumia kazini. Hilo ndilo pekee alilowahi kuliomba, liandikwe kwamba kazi ndiyo iliyomfanya hivi. Jibu lilipita mezani kwangu kabla ya kumfikia. Lilisema kumbukumbu za beji, zilizothibitishwa na karani wa masjala, zinaonyesha kwamba mtumishi hakupata mionzi ya kumdhuru, na kwa hiyo ugonjwa wake haukutokana na kazi. Nililisoma nimesimama. Nikalitoboa matundu mawili, nikalipanga faili.

Ningeweza kuandika siku ile. Nilikuwa na watoto shuleni na mume amesimamishwa kiwandani, na mtu akitia sahihi uongo mbele ya mkaguzi hafukuzwi tu. Hiyo ni sababu. Haikuwa inanipa usingizi, lakini ni sababu.

Aliondoka bila kuaga. Niliona tu mlango wa chumba chake Ngokolo umefunguliwa na mwenye nyumba anapaka chokaa.

Ikapita miaka mitatu. Mume wangu alipata kazi nyingine, watoto wakakua, na siku moja nikakaa kwenye mashine ya chapa ya masjala, saa ya chakula, nikaandika kurasa mbili. Nikaomba ruhusa ya siku mbili kwa kusema nina msiba, na nikapanda basi la Kahama, halafu la Ushirombo, na kwenye mkoba nilikuwa na zile kurasa na picha ya chini ya godoro.

Walinionyesha nyumba. Alikuwa ameketi kibarazani kwenye kiti cha kamba, amekonda, macho yameingia ukungu, na mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mkono mrefu wa shati, umefungwa kwa pini. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, kisha akasema hiyo ni sauti ya masjala.

Tukaongea habari za hospitali. Aliuliza kuhusu katibu mwenye ubavu, nikamwambia amestaafu. Akasema apelekewe salamu, yeye na ubavu. Mpwa wake mmoja alileta chai na kuingia ndani, na nikaona mtu yule alivyo peke yake, hata katikati ya ndugu zake, maana mpwa aliweka kikombe mbali kidogo na kuondoka haraka. Waliogopa ugonjwa unaambukiza.

Nikamwambia nilichofuata. Akaniomba nimsomee, macho hayasomi tena. Nikamsomea kibarazani pale, maneno yangu mwenyewe: kwamba mimi karani wa masjala nilisema uongo, kwamba beji ilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango wangu kwa miaka kumi, kwamba nilijua. Alininyamazisha kwa mkono wa kushoto.

"Kumi na moja," akasema. "Na uandike kwamba kwenye msumari niliitundika mimi. Hukunitundikia wewe."

Nikatoa kalamu nikasahihisha. Nilikuwa nalia na nilikasirika kwa kulia. Nikamwambia kwamba siku ya yule mkaguzi ningesema kweli angeondolewa kwenye mashine, na leo angekuwa na mkono. Sikumwuliza, nilimwambia, lakini nadhani nilitaka akatae. Hakukataa. Alisema ndiyo, angekuwa nao. Akanywa chai. Akasema na wale waliopigwa picha baada ya siku hiyo, hao nao tungewaandikia barua gani.

Nikampa ile filamu. Aliishika kwa kushoto, akainuka, akasogea kwenye ukingo wa kibaraza penye mwanga, akaileta karibu mpaka inagusa pua. Alianza kusoma kwa mazoea: mkono wa mtoto, miaka mitatu au minne, mfupa wa juu, umevunjika vizuri. Kisha akafika pembeni. Alizungusha filamu kidogo ili mwanga uingie pale kwenye vidole viwili, vizima, vyenye viungo vyote.

"Kumbe vipo," akasema.

Nikamwambia vipo kwenye nyingi, masjala imejaa, na kwamba hiyo nitaiambatanisha na barua, maana picha haidanganyi. Nilidhani atafurahi kusikia msemo wake. Badala yake aliniuliza nani yuko kwenye mashine sasa. Nikamwambia ni binti mmoja wa Chato, aliyemfundisha yeye mwenyewe mwaka wake wa mwisho, mchapakazi, ameolewa juzi juzi, na huwaambia wagonjwa kwamba amejifunza kwa Bwana Picha.

"Beji yake inakaa wapi?"

Nikafungua mdomo kujibu na ndipo nilipolisikia jibu lenyewe. Nilikuwa naiona kila siku nikifunga mlango. Nimeandika kurasa mbili nzima za toba na beji ya binti ilikuwa inaning'inia nyuma yangu nilipokuwa naandika.

"Pale pale," nikasema. "Kwenye msumari wako."

Alirudi kitini. Kuku wa jirani wakapita, mpwa akaja kuchukua kikombe na kwenda. Aliposema, alisema kwa sauti ile ya kazini, ya kumwambia mgonjwa asivute pumzi.

"Barua itakwenda miezi. Msumari utaung'oa Jumatatu. Na umwambie asijaribu mashine kwa mkono. Nilimfundisha vibaya."

Nikaaga, basi lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikamnyoshea mkono wa kulia kwa kusahau, nikataka kuurudisha. Yeye alifungua pini kwa vidole vya kushoto, akakunja mkono wa shati, akaninyoshea kifundo, maana wakataji wa Mwanza walikuwa wamemwishilizia hapo. Palikuwa laini, pa moto kidogo. Nikapashika kwa mikono yangu yote miwili na sikupaachia mpaka kondakta alipoita mara ya tatu.

Barua niliipeleka, na picha ndani yake, na mpaka leo sijajibiwa wala sijafukuzwa. Lakini Jumatatu ile nilifika kazini mapema na nyundo ya jirani kwenye kikapu. Msumari ulikuwa umeshika kutu, uling'oka na kipande cha lipu. Binti alipoingia kuniamkia nilimbandika beji kifuani mimi mwenyewe, na nikamwambia kuhusu mkono wa asubuhi. Akaniuliza ni nani aliyebadilisha utaratibu wa Bwana Picha.

Nikamwambia ni Bwana Picha.